Haibridi kwa Milima ya Rusizi: Je, Inalipa?

Mtu wa Kamembe anayekwenda Kigali kwa barabara ya kusini hupita Ntendezi na mashamba ya chai ya Gisakura, huingia msitu wa Nyungwe na kukwea hadi Uwinka, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, kisha huteremkia Kitabi kuelekea Nyamagabe na Huye. Safari yote inazidi kilomita 200, na sehemu kubwa ni kona juu ya kona. Mtu huyohuyo akishuka mpakani kumpokea abiria anayetoka Bukavu, Kongo, anakwenda kilomita chache tu, kutoka juu Kamembe hadi ukingoni mwa Ziwa Kivu, halafu anapanda tena. Safari hizo mbili hazifanani hata kidogo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotoa jibu moja kwa wote wanaouliza kama inafaa kuuza gari la petroli, kuongeza pesa na kununua haibridi.

Swali lenyewe limekuwa zito zaidi siku hizi. Aprili 2021 baraza la mawaziri la Rwanda lilipitisha mkakati wa usafiri wa umeme, na magari ya umeme pamoja na haibridi yakapata misamaha ya kodi. Watu wengi walinunua haibridi kipindi hicho kwa sababu bei ilikuwa inakaribia ya gari la kawaida. Katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2025 haibridi iliondolewa sehemu kubwa ya msamaha huo: VAT ya asilimia 18 ikarudi, na ushuru wa bidhaa ukawekwa kwa umri wa gari, asilimia 5 kwa gari changa lisilozidi miaka 3, asilimia 10 kwa la miaka 4 hadi 7, asilimia 15 kwa la miaka 8 na kuendelea. Magari ya umeme mtupu yaliachiwa msamaha wao hadi Juni 2028.

Mjadala nimeupanga kwa sauti nne za watu wa aina ninayokutana nayo hapa mjini: dereva wa gari la abiria, fundi wa gereji, dada anayeshika vitabu vya hesabu katika chama cha akiba na mikopo, na mama anayevusha bidhaa mpakani. Majina sikuyaweka. Pale nilipoona hoja inateleza, nimeingia mwenyewe.

DEREVA: Mimi nina RAV4 ya petroli, kuukuu lakini nzima. Nabeba abiria mjini na mpakani, na mara kwa mara nakodiwa kwenda Kigali. Hapa mjini, kilomita 100 zinakula lita 10. Julai 2025 RURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, ilipotangaza lita ya petroli kuwa faranga 1,803, nilikaa nikajiuliza kama bado nina kazi au nawafanyia kazi wenye vituo vya mafuta. Wenzangu wa Kigali wanaoendesha haibridi wananiambia wanatumia nusu ya ninachotumia. Kwa nini mimi nibaki nyuma?

FUNDI: Mdogo wangu, kwanza tuelewane gari hilo linafanya nini. Ukikanyaga breki kwenye gari lako, pedi zinasugua diski, diski inapata moto, na moto huo unapotea hewani. Mafuta uliyoyalipia yameondoka hivyo. Kwenye haibridi, ukiachia mafuta au ukikanyaga breki, mota ya umeme inageuka jenereta, inalizuia gari na papo hapo inarudisha umeme kwenye betri. Ukianza kuondoka, betri inasukuma kwanza. Ukisimama, injini inazimika. Faida kubwa ya haibridi inatoka kwenye mambo hayo. Sasa niambie, hao wenzako wa Kigali wanaendeshea wapi?

DEREVA: Remera, Nyabugogo, mjini kati. Foleni.

FUNDI: Basi. Simama, ondoka, simama, ondoka. Haibridi ilitengenezwa kwa ajili ya huko. Toyota ilipoanza kuuza Prius Japani mwaka 1997 ilikuwa na miji ya foleni akilini. Wewe unataka kuipeleka Nyungwe.

DEREVA: Lakini fundi, Nyungwe ni mteremko mtupu ukishapita Uwinka! Si ndipo betri inapojaa bure?

FUNDI: Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Betri ya RAV4 haibridi ile iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2015 ina uwezo wa uniti 1.6 hivi za umeme, uniti hizihizi tunazonunua za nyumbani. Na kompyuta haikuachii utumie zote. Inakuachia chini ya nusu ili betri isife mapema. Sasa gari lenye watu na mizigo lina tani 2. Likishuka mita 800 kutoka Uwinka kuja huku, linaachia zaidi ya uniti 4. Toa zinazoliwa na upepo na matairi, bado kinachobaki hakiingii kwenye betri ile. Inajaa mapema, kisha inasema imeshiba, na umeme mwingine wote hauna pa kukaa. Kuanzia hapo unashusha gia, injini inanguruma kulizuia gari, na unashuka kama kila mtu.

DEREVA: Na kupanda?

FUNDI: Kupanda ni vibaya zaidi. Kile kidogo kilichomo kwenye betri kinaisha dakika za mwanzo. Baada ya hapo injini ya petroli inabeba kila kitu, pamoja na uzito wa betri na mota zenyewe. Tena injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu 1 ya 10 ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000. Ukifika Uwinka umepoteza zaidi ya sehemu 2 kati ya 10. Ukiwa na abiria wanne na mabegi juu, utaisikia injini ikilia.

Hapa niongeze jambo ambalo hesabu hiyohiyo inalionyesha, na ambalo fundi hakulisema. Uwanja wa ndege wa Kamembe uko karibu mita 1,590 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460. Tofauti ni kama mita 130. Gari la tani 2 likishuka mita hizo 130 linaachia karibu uniti 0.7, na baada ya kutoa zinazopotea njiani, kinachobaki kinaingia kwenye betri ile bila kumwagika. Kwa maneno mengine, mteremko wa kutoka Kamembe hadi mpaka wa Rusizi I ni kama vile ulikatwa kwa kipimo cha betri hiyo. Anayeshuka na kupanda hapo kutwa nzima anarudishiwa sehemu ya mafuta yake kila anaposhuka. Anayekwenda Kigali mara kwa mara anarudishiwa kidogo sana. Gari ni lilelile moja, dereva ni yuleyule, na bado jibu linageuka kwa kubadilisha barabara.

MAMA MFANYABIASHARA: Mwanangu, mimi nakodi magari yenu kila siku, na niseme ninachokiona. Mpakani tunasimama. Tunasimama kwa karatasi, tunasimama kwa foleni, tunasimama kwa mvua. Magari yote yananguruma pale, moshi unatuingia puani sisi na watoto tuliowabeba mgongoni. Lile gari linalozimika lenyewe likisimama, mimi nalipenda. Kama linakuokolea mafuta zaidi ya hapo, ni heri yako. Lakini kwangu mimi moshi ule kupungua ni jambo kubwa, na sisikii mtu akilitia kwenye hesabu.

MHASIBU: Mama, hilo ni kweli na lina thamani yake. Ila kaka hapa akija kwetu kuomba mkopo, hatalipa kwa hewa safi. Tufanye hesabu. Kaka, unakwenda kilomita ngapi kwa mwezi?

DEREVA: Elfu moja na mia tano, hivi.

MHASIBU: Tuseme zote ni za mjini na mpakani. Gari lako linakula lita 10 kwa kilomita 100, haibridi itakula 6 na nusu. Unaokoa lita 3 na nusu kila kilomita 100, yaani lita 52 na nusu kwa mwezi. Kwa faranga 1,803 ile ya Julai 2025, ni karibu 95,000 kwa mwezi, sawa na milioni 1.14 kwa mwaka. Inapendeza. Sasa tuseme ukiuza gari lako unatakiwa kuongeza milioni 5, na milioni 5 hizo umezikopa kwa riba ya asilimia 16. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni 800,000. Kinachobaki kupunguza deni ni 340,000 tu. Ukiendelea hivyo, utamaliza deni baada ya zaidi ya miaka 8.

DEREVA: Miaka 8!

MHASIBU: Na hapo sijaweka Nyungwe. Kama kilomita hizohizo 1,500 ungekuwa unazimalizia barabara ya Kigali, na fundi amesema huko unaokoa kidogo, tuseme lita 1 na nusu kwa kilomita 100, ungeokoa chini ya faranga 490,000 kwa mwaka. Riba ni 800,000. Unapoteza zaidi ya 300,000 kila mwaka, na deni halijapungua hata faranga moja.

DEREVA: Nikiongeza kazi je? Nikifika kilomita 3,000 kwa mwezi?

MHASIBU: Za mjini zote? Basi unaokoa karibu milioni 2.27 kwa mwaka, na deni linakwisha kabla ya miaka 3. Hiyo ni biashara. Lakini kilomita 3,000 ni 100 kila siku ya Mungu. Kamembe ina kilomita 100 za abiria kila siku?

DEREVA: Hapana. Labda nichanganye Bugarama na Nyamasheke.

MAMA MFANYABIASHARA: Na mkumbuke, mpaka huu si ukuta uliosimama imara. Februari 2025 vita vilipofika Bukavu, tuliona wote biashara inavyoweza kusimama ghafla. Wateja wangu hawakuja. Mimi niliweza kukaa na bidhaa yangu, maana sikuwa na deni. Mwenye mkopo wa gari afanyeje siku hiyo? Benki haiulizi kama mpaka una watu.

Nilitarajia dereva angekubali yaishe, na hesabu ile ingetosha kumnyamazisha mtu. Lakini alileta hoja ambayo naiona ndiyo nzito kuliko zote katika mjadala huu.

DEREVA: Dada, hesabu yako ni sawa, ila haijibu swali langu lote. Umelinganisha haibridi na gari nililonalo, kana kwamba hili nililonalo litaishi milele. Haliwezi. Leo ni zima, miaka 3 ijayo halitakuwa zima. Siku hiyo nitanunua gari lingine nitake nisitake. Je, siku hiyo ninunue la petroli au haibridi?

MHASIBU: Hapo umenishika, kaka. Swali hilo hesabu yake ni nyingine. Siku hiyo hutapima milioni 5 zote, utapima tofauti kati ya magari mawili ya umri mmoja. Tuseme haibridi inazidi milioni 2. Riba ya mwaka wa kwanza ni 320,000, na wewe unaokoa milioni 1.14 kwa kazi ya mjini. Tofauti hiyo inarudi baada ya miaka 2 na kidogo. Na kwa barabara ya Kigali, hapo unapata kidogo tu, lakini hupotezi.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, na watu wengi wameyafunga kamba moja. Kuuza gari zima ili kupata haibridi ni jambo moja. Kuchagua haibridi siku gari la zamani limekwisha kazi ni jambo jingine. La kwanza, kwa dereva wa kilomita 1,500 anayekopa, ni hasara. La pili, kwa kazi ya mjini, lina faida, mradi gari lenyewe liwe zima. Na neno hilo, zima, ndilo lililomrudisha fundi.

FUNDI: Mmeongea riba na lita, hamjaongea betri. Chukua Prius ya kati ya 2010 na 2015, maana ndiyo ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Betri yake kubwa ni moduli 28 zilizofungwa mfululizo, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Moduli moja ikichoka, inaburuta nyingine 27. Taa inawaka, gari linapoteza nguvu, na mwenye gari anaambiwa abadilishiwe moduli ile moja. Anabadilisha. Miezi michache baadaye inachoka nyingine, kwa sababu zote zilizaliwa siku moja na zimefanya kazi sawa. Watu wanarudi gereji mpaka pesa ya betri nzima inakwisha na betri nzima hawana.

DEREVA: Si kuna garantii?

FUNDI: Toyota Marekani ilikuwa inatoa garantii ya miaka 8 kwa betri za enzi hizo, lakini huyo ni mteja wa Marekani. Wewe unanunua gari lililopita mikono ya watu, likapitia Dubai, likashuka bandarini Dar es Salaam, likaja huku kwa barabara. Garantii yako ni macho yako. Na kitu kimoja nakisema kwa uchungu: betri nyingi zinauliwa na vumbi. Pembeni mwa kiti cha nyuma cha Prius kuna tundu la kuvutia hewa ya kupoza betri. Ndani yake kuna feni ndogo. Mimi nimetoa feni moja ambayo mapengo ya mabawa yake yalikuwa yamezibwa na vumbi jekundu, nyuzi za magunia na magamba ya samaki wa sambaza. Abiria wanapanga mizigo juu ya tundu lile, na dereva hajui. Betri inachemka kila siku, kwa kukosa usafi ambao ungechukua nusu saa.

MAMA MFANYABIASHARA: Magunia hayo pengine ni yangu.

FUNDI: Hujakosa kitu, mama. Dereva ndiye wa kujua mahali pa kuweka gunia. Lakini mimi mwenyewe niseme ukweli: si kila fundi hapa aguse waya ule wa rangi ya machungwa. Volti 200 haziumi kama betri ya kawaida. Zinaua. Kuna plagi ya usalama ya kuchomoa kwanza, kuna glavu za mpira za kazi hiyo, kuna muda wa kusubiri umeme uishe kwenye inveta. Asiyefundishwa asifungue.

DEREVA: Na Bukavu? Kule naona magari ya Kijapani, tena bei yake ni ndogo.

MHASIBU: Yenye usukani wa kulia, kaka. Rwanda ilizuia kuyaingiza tangu 2005. Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wanaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo haibridi za bei nafuu kutoka Japani ni zao. Sisi tunatafuta za usukani wa kushoto, kutoka Dubai, Korea, Ulaya na Marekani, na soko hilo lina bei yake. Mtu asikupigie hesabu ya Nairobi.

DEREVA: Basi ninunue la umeme mtupu, lisilo na ushuru!

FUNDI: Hilo betri yake ni kubwa, lingemeza mteremko wote wa Nyungwe na kuurudisha. Kimaumbile ndilo gari la milima hii. Ila vituo vingi vya kuchajia viko Kigali.

MAMA MFANYABIASHARA: Na umeme unatengenezwa hapa kwetu, Mururu, kwenye mto huuhuu. Rusizi II inawasha taa za nchi tatu tangu 1989. Gari la mtu wa Rusizi likose pa kuchaji?

Swali la mama sikulipatia jibu, na sitaki kulipamba. Lina uzito wa kutosha kuandikiwa makala yake lenyewe. Hili la haibridi nina msimamo wangu.

Dereva wangu asiuze RAV4 yake mwaka huu. Aisafishe, aiweke sawa matairi na plagi, na mkopo auache. Gari hilo likifika mwisho, na kama kazi yake bado ni ya mjini na mpakani, anunue haibridi, lakini changa kadiri mfuko unavyoruhusu, kwa sababu ushuru wa asilimia 15 unaangukia magari yaleyale ambayo betri zake ziko ukingoni. Kama kazi yake imehamia barabara ya Kigali, achukue gari la petroli lenye injini nzuri, maana faida ndogo ya huko inaweza kuliwa na betri, wala asione haya.

Nawe msomaji unayefikiria ununuzi huu, fanya mambo matatu kabla ya kutoa pesa. Andika kilomita zako za mwezi mzima, za mjini mbali na za Nyungwe mbali. Gari unaloonyeshwa liendeshe na fundi akiwa na mashine ya kusoma betri, mpandishe mlima wa mpakani hadi Kamembe, na muangalie tofauti ya volti kati ya moduli huku injini ikilia. Kisha inua mizigo na kitambaa cha nyuma, utazame lile tundu la feni kwa macho yako.

Na kwa vyuo vya ufundi vya Rusizi nina ombi: wafundisheni vijana wetu kazi ya volti kubwa, kwa glavu na vifaa vyake. Magari haya yameshafika. Mwenye gari ambaye betri yake imekufa Kamembe asilazimike kulipakia juu ya lori na kuvuka nalo Nyungwe kumtafuta mtu wa kuifungua.